Tumegombania vichwa, tumesahau mikono

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii niliifundisha kwa miaka mingi mjini Garissa, na wanafunzi wangu waliielewa upesi kuliko nyingine yoyote, kwa kuwa wengi wao walikuwa wana wa wafugaji. Walijua kwamba baba zao hawaandiki popote idadi ya ngamia wao, bali humjua kila mmoja kwa alama yake, kwa mamaye na kwa mwendo wake. Daftari la mfugaji limo kichwani. Daftari ninalokusudia kulizungumzia leo ni lile la taifa, na inasikitisha kwamba baadhi ya kurasa zake hazijaandikwa kitu.

Niruhusu, msomaji, nianze na kosa langu mwenyewe. Likizo moja nilikuwa karani katika zoezi la kuhoji kaya, kibarua ambacho walimu wengi tumekifanya ili kujikimu. Mbali kidogo na mji, nilimkuta mzee ameketi chini ya mgunga, fimbo magotini. Nikafungua dodoso langu na kumwuliza, "Mzee, katika siku saba zilizopita, umefanya kazi yoyote?" Akanitazama kwa muda. "Mwalimu," akasema, "kazi unayo wewe unayelipwa na serikali. Mimi sina kazi. Mimi nina ngamia."

Nikaendelea na swali lililofuata. "Je, umekuwa ukitafuta kazi?" Hapo mzee akacheka. "Nikienda kutafuta kazi, ngamia nimwachie nani?"

Nikaandika nilivyojibiwa: hakufanya kazi, wala hatafuti kazi. Nilipaswa kudadisi zaidi, lakini jua lilikuwa kali na kaya zilizobaki zilikuwa nyingi. Hivyo ndivyo mtu aliyeamka kabla ya alfajiri, akanywesha mifugo, akakama maziwa na kutembea mwendo mrefu kutafuta malisho, alivyoingia katika karatasi zangu sawa na mgonjwa asiyejiweza. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: taifa linapotangaza idadi ya watu wenye ajira na wasio nayo, linamzungumzia nani hasa?

Swali hili si la Garissa pekee, na ulimwengu umelishughulikia kwa muda mrefu. Shirika la Kazi Duniani, ILO, liliundwa mwaka wa 1919, na mwaka wa 1923 likaitisha mkutano wa kwanza wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi. Walitambua mapema kwamba haiwezekani kulinganisha mshahara wa nchi moja na wa nyingine iwapo kila nchi inapima kwa kibaba chake. Mwaka wa 1938 ukapitishwa Mkataba nambari 63, uliohusu takwimu za mishahara na saa za kazi. Kenya ilijiunga na ILO mwaka wa 1964, mara tu baada ya uhuru, na ikauridhia mkataba huo mwaka uo huo. Lakini ulikuwa mkataba wa zama zake: uliyaangalia machimbo, viwanda, ujenzi na mashamba ya waajiri. Mchunga ngamia wa Wajir hakuwamo katika fikira za walioutunga.

Ndipo mwaka wa 1985 ukatungwa mwingine, Mkataba nambari 160, wenye upeo mpana zaidi. Huo unataja mambo tisa ambayo nchi inapaswa kuyakusanyia takwimu. Miongoni mwake ni idadi ya watu wenye ajira, wasio na ajira na wale ambao kazi yao haiwatoshi. Mapato na saa za kazi. Bei za bidhaa. Matumizi ya kaya. Majeraha na magonjwa yatokanayo na kazi. Na migogoro baina ya waajiri na wafanyakazi. Isitoshe, unaitaka serikali kushauriana na vyama vya waajiri na vya wafanyakazi inapoamua namna ya kupima, na kuchapisha bayana maelezo ya mbinu zake. Mnamo Juni 2024, mkutano mkuu wa ILO ulioketi Geneva uliufuta kabisa mkataba ule wa 1938. Kipimo kilichobaki mezani ni hicho cha 1985.

Kuna kifungu kimoja cha mkataba wa 1985 ambacho kila mwalimu wa Kaskazini Mashariki angepaswa kukijua. Kifungu cha 17 kinairuhusu nchi, mwanzoni, kuacha nje ya takwimu zake baadhi ya wafanyakazi, baadhi ya sekta, au hata baadhi ya maeneo. Lakini ruhusa hiyo ina masharti: nchi hutakiwa kueleza katika ripoti yake ya kwanza ni akina nani walioachwa na kwa sababu gani, na katika ripoti zinazofuata ieleze imeweza au imekusudia kuwafikia kwa kiasi gani. Kwa maneno mengine, inaweza kukosa kumhesabu mtu kwa muda, mradi isinyamaze.

Sasa tutazame nyumbani. Kila mwaka Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, huchapisha taarifa ya hali ya uchumi. Taarifa ya mwaka wa 2024 ilieleza kwamba mwaka wa 2023 nchi ilikuwa na ajira zipatazo milioni 20, na kwamba zaidi ya nane kati ya kila kumi zilikuwa katika sekta isiyo rasmi, yaani ya jua kali. Magazeti yaliichapisha idadi hiyo kwa herufi kubwa. Yaliyosahauliwa na wengi ni maneno machache yanayoandamana nayo: kwamba hesabu hiyo haiwajumuishi wakulima wadogo wala wafugaji. Shirika halikuficha neno. Limeliandika pale pale, na kwa hilo linastahili pongezi. Sisi wasomaji ndio tuliolipita bila kulisoma.

Lakini zingatia uzito wake. Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, ufugaji ndio uti wa mgongo wa maisha. Kuondoa ufugaji katika hesabu ya ajira hapa ni sawa na kuhesabu ajira za Kericho bila kumtaja mchuma chai. Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa masoko makubwa katika Afrika Mashariki. Ng'ombe hutoka humo kwa malori kuelekea Nairobi na Mombasa. Nyama inapofika buchani, mchinjaji, dereva na mwenye duka wote wamo katika jedwali. Aliyemlea ng'ombe huyo kwa miaka minne hayumo.

Utaniuliza, je, hakuna uchunguzi mwingine? Upo. Tangu mwaka wa 2019 KNBS ilianza kufanya utafiti wa nguvukazi wa kila robo mwaka, ambao huwahoji watu nyumbani mwao. Utafiti huo ndio uliotujulisha kwamba ukosefu wa ajira nchini ulipanda kutoka asilimia 5.2 katika robo ya kwanza ya mwaka wa 2020 hadi asilimia 10.4 katika robo ya pili, janga la korona lilipobisha hodi. Hiyo ni kazi ya maana. Hata hivyo, wengi wetu tulipoisikia asilimia 5.2 tulicheka kwa uchungu. Inawezekanaje, tuliuliza, ilhali vijana wamejaa vibarazani?

Jibu limo katika maana ya maneno. Kwa kanuni za kimataifa, asiye na ajira ni mtu ambaye hakufanya kazi ya malipo au faida hata kwa saa moja katika kipindi cha uchunguzi, yuko tayari kufanya kazi, na amekuwa akiitafuta. Akikosa sharti moja tu, si "asiye na ajira". Kijana wa Balambala ambaye ameacha kutafuta kwa sababu hakuna mwajiri wa kumbishia mlango hahesabiwi miongoni mwa wasio na ajira. Huwekwa nje ya nguvukazi.

Wala si hayo tu. Mwaka wa 1982 wanatakwimu wa dunia walikubaliana kwamba mtu anayezalisha chakula cha familia yake anaweza kuhesabiwa kuwa ana ajira. Mwaka wa 2013 wakaibadili kanuni hiyo. Walisema kwamba yeyote anayezalisha hasa kwa matumizi ya nyumbani anafanya kazi, tena kazi inayostahili kupimwa, lakini hana ajira. Kwamba ajira ni ile ya malipo au faida. Walikuwa na nia njema: walitaka jasho la mkulima mdogo, la mfugaji na la mama achotaye maji lipimwe peke yake, lisizikwe ndani ya tarakimu moja.

Ninawaalika walimu wa hisabati wafanye hesabu hii ubaoni. Chukua kijiji cha kubuni chenye watu 100 wa umri wa kufanya kazi. Watu 40 huchunga mifugo hasa kwa chakula cha familia. Watu 15 wana kazi ya malipo au faida: wauza maziwa, wenye mikokoteni ya punda, mwalimu, mwenye duka. Watu 5 hawana kazi na wanaitafuta. Watu 20 wanataka kazi na wako tayari kuifanya, ila wamekata tamaa ya kuitafuta. Waliobaki 20 ni wanafunzi, wagonjwa na wazee.

Kwa kanuni ya 1982, wenye ajira ni 55 na wasio nayo ni 5. Ukosefu wa ajira ni 5 kwa 60, yaani asilimia 8.3. Kwa kanuni ya 2013, wenye ajira ni 15 tu. Ukosefu ni 5 kwa 20, yaani asilimia 25. Na ukitumia kipimo kipana ambacho kanuni hiyo hiyo ya 2013 inakiruhusu, ukawaingiza waliokata tamaa, unapata 25 kwa 40, yaani asilimia 62.5. Kijiji ni kile kile. Hakuna aliyeajiriwa wala aliyefutwa. Mwanafunzi atakayeielewa hesabu hii hatadanganywa na mwanasiasa yeyote anayerusha asilimia jukwaani bila kusema ameipimia kwa kibaba gani.

Tatizo ni kwamba mgawanyo huo wa matumizi ya nyumbani na wa faida hukatwa kwa kisu butu huku kwetu. Mfugaji yule yule hunywa maziwa asubuhi, akauza mbuzi wawili ili kulipa karo, na asiuze tena kwa miezi mitatu. Ukimwuliza mifugo hii ni ya kuuza au ya kula, atakuona mjinga. Mwalimu wa duksi, anayelipwa na wazazi kwa fedha kidogo au kwa mnyama, atakwambia hana ajira, ilhali kwa kanuni anayo, kwani malipo hata yasipokuwa fedha ni malipo. Kule Dadaab, katika kambi zilizoanzishwa kuanzia mwaka wa 1991, wakimbizi wanaofundisha watoto wamekuwa wakipewa posho badala ya mshahara. Jina la malipo haligeuzi ukweli kwamba asubuhi waliingia darasani na kufanya kazi.

Nisije nikaonekana nabishana juu ya maneno, nitaje kinachopotea. Kuanzia mwishoni mwa mwaka wa 2020 hadi mwaka wa 2022, misimu mitano ya mvua mfululizo ilitunyima mvua ya kutosha. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa katika maeneo makavu ya nchi. Kiwanda kikifungwa Nairobi na watu mia tano wakapoteza kazi, habari huwa ukurasa wa kwanza, chama cha wafanyakazi hulalama, waziri huulizwa maswali bungeni. Lakini kundi la ngamia au ng'ombe linapoangamia, mchungaji wake amepoteza kazi, akiba na pensheni kwa siku moja, na hakuna jedwali la ajira linaloonyesha pengo hilo. Huandikwa katika orodha ya wanaohitaji msaada wa chakula. Kwa kuwa hatukumwandika alipokuwa mfanyakazi, tunakutana naye kwa mara ya kwanza akiwa ombaomba.

Kuna jingine linalotugusa walimu moja kwa moja. Mwaka wa 1998 wanatakwimu wa kazi waliamua kwamba ajali ya kazini ni pamoja na vitendo vya ghasia vinavyotokana na kazi. Tarehe 13 Januari 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika Kaunti ya Garissa, na baada ya hapo walimu wengi wasio wenyeji wakahamishwa. Katika hesabu ya taifa ya walimu walioajiriwa, mwalimu aliyetoka Garissa akaenda Nyeri hajabadili chochote. Jumla ni ile ile. Katika hesabu ya mtoto aliyebaki mbele ya ubao mtupu, kimebadilika kila kitu. Je, mauaji yale yameandikwa mahali popote kama vifo vya kazini, au yamebaki katika faili za usalama peke yake? Mwalimu aliyeuawa akiwa kituoni pake alikufa mfanyakazi, na daftari la kazi linapaswa kusema hivyo.

Haki inataka tuseme pia upande wa pili. Kuhesabu huku si jambo jepesi. Karani huja na ramani yenye jina la kijiji, akakuta majivu na miba ya boma lililohamishwa. Usalama ni haba, barabara ni mbaya, na gharama ya kuihoji kaya moja ni kubwa. Kwa miaka mingi utafiti wa kaya uliliruka eneo hili: uchunguzi wa afya ya jamii wa 1989, wa 1993 na wa 1998 haukulihusisha Kaskazini Mashariki, na ulifika huku kwa mara ya kwanza mwaka wa 2003. Tukumbuke pia kwamba mkoa huu ulitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari tangu miaka ya vita vya mashifta hadi mwaka wa 1991. Serikali iliyomtazama raia kama mshukiwa haikuwa na haja ya kumwuliza saa zake za kazi.

Nasi wenyeji na wakazi tuna lawama yetu. Idadi ya watu wa mkoa ilipotoka 962,143 mwaka wa 1999 hadi 2,310,757 mwaka wa 2009, serikali ilikataa matokeo ya wilaya kadhaa, kesi zikaenda mahakamani. Sensa ya 2019 ikaipa Garissa watu 841,353, Wajir 781,263 na Mandera 867,457, nayo ikapingwa. Januari 2025 Mahakama Kuu mjini Garissa ikayabatilisha matokeo ya maeneo ya kaunti hizi tatu. Fedha za kaunti na mipaka ya maeneo ya bunge hufuata idadi ya watu, kwa hivyo kila mmoja ameng'ang'ania idadi. Siwalaumu viongozi kwa kutetea haki. Lakini katika vita hivyo vyote sijasikia kiongozi akiuliza watu hao, wawe wangapi, hufanya kazi gani, kwa saa ngapi, na kwa mapato gani. Tumegombania vichwa, tumesahau mikono.

Nini kifanyike? Kwanza, tuelewe kwamba usimamizi wa viwango hivi si kazi ya wageni wa Geneva peke yao. Serikali ikisharidhia mkataba, hupeleka ripoti, na Kamati ya Wataalamu ya ILO, iliyoanzishwa mwaka wa 1926, huzichunguza na kuuliza maswali. Lakini kamati hiyo haiji Fafi wala Ijara kutazama. Husoma iliyoandikiwa. Kwa sababu hiyo katiba ya ILO inataka nakala za ripoti ziwafikie waajiri na wafanyakazi, nao wana haki ya kutuma maoni yao. Nchini Kenya hao ni pamoja na Shirikisho la Waajiri, FKE, na muungano wa COTU. Vyama vya walimu, KNUT na KUPPET, vina matawi katika kaunti hizi. Tawi linalojua kwamba wafanyakazi wa eneo lake hawamo katika jedwali na likanyamaza, limeitia sahihi jedwali hilo.

Pili, dodoso lifike kwa lugha ya anayeulizwa. Neno "kazi" kwa wengi huku ni kazi ya ofisi, na "shaqo" la Kisomali aghalabu hueleweka hivyo hivyo. Karani asiulize, "Una kazi?" Aulize, "Jana uliamka saa ngapi, ukafanya nini?" Kisha mtaalamu aamue ni ajira au ni uzalishaji wa nyumbani. Tatu, taarifa ya uchumi iwe na jedwali la wafugaji, hata likiwa la makadirio, lenye maelezo ya namna lilivyopatikana. Na pale ambapo watu wameachwa nje, isemwe wameachwa hadi lini.

Kwenu wanafunzi, hasa mnaosoma katika Chuo Kikuu cha Garissa na katika shule za kaunti hizi, nawaachia zoezi. Nendeni nyumbani, mketi na babu zenu, mwaandike wiki moja ya kazi yao, siku kwa siku, saa kwa saa. Andikeni pia ya nyanya zenu, maana huenda ikawa ndefu zaidi. Kisha linganisheni na jedwali la taifa.

Yule mzee wa chini ya mgunga sikumwona tena. Niliporudi upande ule baada ya ukame, boma lake halikuwapo. Lau ningedadisi kidogo siku ile, angalau karatasi moja ya serikali ingesema kwamba hapo palikuwa na mtu mwenye kazi.